Waranti Inakwisha Jumapili

Jumatatu, 3 Juni

Wamepiga simu. Nilijua watapiga. Dada wa kaunta, wa ile kampuni iliyotuuzia gari, na sauti yake ya asali. Akanijulia hali, akamjulia hali mke wangu, akawajulia hali watoto mmoja mmoja. Nikajua hapa natafutwa.

Kumbe kweli. Waranti ya gari letu inakwisha Jumapili ya tarehe kumi na sita. Akaanza kunikumbusha kwamba waranti ile ni ya miaka mitatu, au… Nikamkata kauli. Miaka mitatu nimesikia, dada, twende kwenye shida yako. Shida yake ni hii: nichukue mpango wao wa matengenezo, niwe nalipa kila mwezi, na gari likiharibika watengeneze wao. Ila sharti niuchukue waranti ikiwa bado hai. Ikishakufa, mlango umefungwa.

Vitisho! Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Nimeshaona watu wakiuziwa kila kitu kinachoingia kwenye kopo. Leo niuziwe hofu? Nilipe kila mwezi kwa ugonjwa ambao gari halijaugua? Thubutu!

Mke wangu ana mawazo mengine. Yeye anaoka keki, na gari hili ndilo miguu yake. Jumamosi ya tarehe kumi na tano anapeleka keki ya ghorofa tatu kwa meneja wa ukumbi mkubwa. Meneja akiipenda, atampa kazi ya kila wiki. Akaniomba nichukue mpango ili roho yake itulie. Nikasema nitaamua. Akasema sawa, lakini mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kisha, huku anachekecha unga, hata hakuniangalia:

"Gari likizima, baba watoto, na mimi nimezima."

Nimesikia. Lakini siingizwi mjini mimi.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia bafuni, sabuni ikiwa machoni. Mawazo makubwa hayachagui mahali.

Waranti bado ina uhai. Kila kitakachoharibika kabla ya Jumapili ile, kampuni inabadilisha bure. Basi si kiharibike! Kila chuma kilichochoka kife sasa hivi, wakati mazishi ni juu yao. Wanibadilishie hiki, wanibadilishie kile, na Jumatatu ya tarehe kumi na saba niamke na gari jipya kabisa, bila mpango, bila kulipa, na dada wa kaunta na asali yake abaki anatazama.

Watu wamepewa udaktari wa heshima kwa mawazo madogo kuliko hili. Mke wangu sijamwambia. Atauliza maswali.

Jumatano, 5 Juni

Nimelipeleka gari kwenye gereji ya kampuni. Nikawaambia linalia. Wakaniuliza linaliaje. Nikawaigizia: kwi, kwi, kong! Mbele ya wateja wote. Nikaongeza na kong ya pili, ya upande wa kushoto.

Wakaingia watu wawili wenye ovaroli safi kuliko shati langu, wakaliendesha, wakalinyanyua juu, wakaligongagonga tumbo. Nikakaa kwenye kochi lao, nikanywa chai yao ya bure, nikahesabu moyoni vitu nitakavyobadilishiwa.

Wakarudi na sufuria tatu za kuokea keki. Zilikuwa kwenye buti, zinagongana. Gari zima, wakasema. Zima kabisa, injini inalala kama mtoto. Wakaliosha bure, wakaniletea na sufuria zimefutwa vumbi. Dada wa kaunta akasema nimebakiza kilomita si nyingi. Nikamwambia ndiyo, mimi ni mtu wa safari. Akataka kuendelea, nikaondoka. Mtu akishakukabidhi sufuria mbele ya watu, hakuna mazungumzo tena.

Gari hili lina kiburi. Hatujuani bado.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya, lakini si kwa upande wangu. Kwa upande wa mayai.

Mke wangu alinituma shamba la kuku nikachukue trei za mayai. Nikazichukua. Wakati wa kurudi nikaiona ile njia ya machimboni, inayopitwa na malori ya kokoto. Mashimo mpaka unaogopa kuyatazama. Nikasema moyoni, springi hizi zina waranti, zinangoja nini? Nikaingia. Nikalipiga kila shimo, na nililolikosa nikalirudia. Kichwa changu kiligonga paa mara kadhaa. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mayai niliyakumbuka nilipofika nyumbani.

Gari? Halijalegea hata nati. Mayai yaliyopona yametosha kukaanga ya chakula cha jioni, na watu tulibanana. Nikamwambia mke wangu kwamba ng'ombe alikatiza barabara ghafla. Akaniuliza ng'ombe wa rangi gani. Nikasema wa kahawia. Akaniuliza huyo ng'ombe wa kahawia amelipakaje gari vumbi jeupe. Nikasema kichwa kinaniuma, na hilo lilikuwa kweli.

Alikaa anafuta buti kwa kitambaa mpaka maji ya ndoo yakawa manjano. Hakugomba. Angegomba ningejitetea.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji yangu amekuja. Huyu ni kaka wa mke wangu, ambaye moyoni namwita Bwana Kinga, kwa sababu hawezi kumaliza sahani bila kusema kinga ni bora kuliko tiba. Gari lake lina mpango. Simu yake ina mpango. Pasi yake ya nguo ina waranti ya nyongeza! Nani anaogopa pasi?

Akaniuliza kama nimeshachukua mpango wa gari. Nikamwambia nina mpango wangu. Akafurahi, akaniuliza wa kampuni gani. Nikamwambia wa binafsi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akamkumbusha dada yake kwamba hata friji lake la krimu waranti yake inakwisha mwisho wa mwezi huu, wasije wakajisahau. Mke wangu akanitazama mimi. Wote wawili wakanitazama mimi. Ukoo mzima una macho ya kukumbushana.

Alipoondoka, gari lake liliwaka mara moja. Langu pia linawaka mara moja. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa Fundi Nyundo, pale kona, chini ya mabati yake. Anaitwa hivyo kwa sababu ugonjwa uwao wowote, kwanza anashika nyundo halafu ndipo anauliza unaumwa wapi. Huyu ni mtu wa kazi, nikajua atanielewa.

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia tairi. Akasema watu wote humletea magari maiti ayafufue, mimi ni wa kwanza kumletea gari hai aliue, na bei yake ni ile ile. Lakini akanionya nisipige kitu. Wale wa kampuni wana macho, wakiona alama ya nyundo wataniuliza, na wakimwona yeye wataijua nyundo. Akaniambia gari haliuawi kwa mkono. Gari hufa kwa kutembea. Nilitembeze, nilitembeze, nilipandishe milima kwa gia isiyo yake, lichoke lenyewe. Litakufa kifo cha kawaida, na hakuna wa kuniuliza.

Kifo cha kawaida! Nimempa soda. Kuna watu wana akili na hawana hata mlango wa gereji.

Jumanne, 11 Juni

Bosi nimemwambia nauguliwa. Hakuuliza mgonjwa ni nani. Angeuliza ningemjibu ukweli, kwamba mgonjwa bado hajaugua, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nimelitembeza. Nimetoka asubuhi, nikaenda mpaka mji wa mpakani, nikanywa maji, nikageuza. Njiani, gia ya pili mahali pa nne. Milimani, gia ya nne mahali pa pili. Taa zote zinawaka mchana kweupe, feni mpaka mwisho, vipangusio vya kioo vinafuta jua. Malori yalikuwa yananipisha. Dereva mmoja alishusha kioo akaniuliza kama nimeibiwa. Nikampungia mkono.

Nimerudi mgongo hauna habari na kiuno. Gari linanguruma kama limetoka sokoni kununua chumvi. Mke wangu akasema ndani kunanuka kuungua. Nikamwambia ni joto. Akaniuliza kama nimeshaamua kuhusu mpango. Nikamwambia naamua kila siku.

Jumatano, 12 Juni

Tena mpakani. Mwenye kibanda cha maji amenizoea, ameniuliza nafanya biashara gani. Nikamwambia utafiti.

Mchana, kwenye ule mlima mrefu, namba kwenye dashibodi ziligeuka zote kwa pamoja, ikaja moja yenye masifuri mengi. Nzuri kweli. Nimeipigia honi. Ni dalili njema.

Alhamisi, 13 Juni

Limelia!

Saa tisa alasiri, nikirudi, nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Kwanza kama mtu anasaga jino. Halafu kama mtu anasaga kokoto. Giaboksi! Si taa, si kioo, si kitu cha kitoto. Giaboksi nzima! Nilisimamisha gari pembeni, nikashuka, nikalibusu boneti. Lilikuwa la moto, limeniunguza mdomo. Sijali.

Kesho alfajiri nawapelekea. Watabadilisha siku hiyo hiyo, Jumamosi keki itasafiri kwa giaboksi mpya, na mke wangu atakuja kuambiwa na watu kwamba ameolewa na nani. Bwana Kinga ajiandae. Nitamwalika chakula.

Nimekula vizuri, kwa upande mmoja wa mdomo. Mke wangu alikuwa ameshaoka ghorofa ya kwanza na ya pili, nyumba nzima inanukia vanila. Aliimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba jikoni.

Ijumaa, 14 Juni

Sina maneno. Ninayo, lakini hayafai kuandikwa.

Nimefika kabla hawajafungua. Nikawaigizia sauti, safari hii ya kweli. Wakaendesha, wakarudi na nyuso za msiba. Giaboksi imekwisha, wakasema, hii ni ya kubadilisha yote. Nikakunja mikono kifuani. Nikawaambia basi wabadilishe, leo ni tarehe kumi na nne, Jumapili ni kumi na sita, hesabu ni rahisi.

Dada wa kaunta akatazama kompyuta waliyoiunganisha na gari ikasoma safari zake. Akatazama kilomita. Akanitazama mimi, kwa huruma, na huruma yake ina asali vile vile. Akasema waranti ni ya miaka mitatu au kilomita elfu sitini, chochote kitakachotangulia. Akasema alijaribu kuniambia kwenye simu. Akasema alijaribu kuniambia hapa siku ya sufuria. Miaka mitatu haijafika. Kilomita zimefika. Zimepita. Zimepita juzi, Jumatano, kwa safari ndefu sana, na akaniuliza kwa adabu nilikuwa naenda wapi.

Nikamwambia basi naomba ule mpango wa matengenezo, nimeshawishika. Akasema mpango hauingii kwenye waranti iliyokufa. Hilo ndilo pekee nililolisikia vizuri tangu mwanzo.

Nimelirudisha gari nyumbani kwa gia ya kwanza na ya pili, watembea kwa miguu wakinipita.

Mke wangu alikuwa anapaka krimu ghorofa ya tatu. Leo ndiyo Ijumaa aliyonipa. Akaniuliza kama nimeshaamua. Nikamwambia nimeshaamua. Akaniuliza kama ni jambo la heri. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akatabasamu, akanilambisha krimu kwenye kidole.

Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Lakini ukumbi uko karibu, na gia mbili bado zipo. Watu wamefika mbali kwa gia mbili. Liwalo na liwe.

Jumamosi, 15 Juni

Limezima pale kwenye kilima cha hospitali. Katikati ya barabara.

Mke wangu alikuwa nyuma, ameikumbatia keki kwa mikono yote miwili, amevaa ile nguo yake ya kijani ya kukutana na watu. Kwanza kelele ya kokoto, halafu kimya, halafu tukaanza kurudi nyuma polepole. Nikavuta breki ya mkono. Keki ikaenda mbele, akaizuia kwa kifua. Honi zikaanza nyuma yetu. Mke wangu alikuwa anatazama saa ya kwenye dashibodi na jasho linamtoka.

Nikamwambia ni kitu kidogo. Nikafungua boneti, nikatazama ndani kwa muda wa kutosha. Nilipogeuka alikuwa ameshampigia kaka yake.

Bwana Kinga alifika na gari lake linalowaka mara moja. Nilijiandaa kwa maneno yake, nilikuwa na majibu matatu tayari. Yeye aliishika keki kutoka upande wa pili, wakaihamisha pamoja kama mgonjwa, akampa dada yake kioo ajifute krimu kifuani. Mimi akanigusa bega tu. Afadhali angenicheka. Wakaondoka, nikabaki na gari, nikilisukuma pembeni pamoja na wapita njia, mmoja wao akiniuliza kama halina waranti.

Shemeji ndiye aliyewapigia kampuni, kwa wema wake, waje walivute. Wakamweleza kila kitu. Kilomita, Jumatano, safari ndefu. Yeye akamweleza dada yake.

Jioni nimemkuta mke wangu mezani, viatu amevivua, miguu ameiweka kwenye stuli. Nikasubiri aanze. Nilikuwa na hoja. Dada wa kaunta anasema haraka haraka. Fundi Nyundo ndiye aliyesema litembezwe. Shemeji hakutakiwa kupiga simu. Nikaanza na ya kwanza. Akainua mkono, si kwa hasira, kama mtu anayeomba redio ipunguzwe.

"Gari lilikuwa zima," alisema. "Baba watoto, lilikuwa zima kabisa."



Jumapili, 16 Juni

Leo ndiyo siku waranti ingekwisha yenyewe, kwa amani, kama ningekaa nyumbani na kulala.

Meneja wa ukumbi ameipenda keki. Hata upande uliobonyea aliuona kama pambo. Amempa kazi ya kila wiki. Nilifurahi nikasimama, halafu nikakaa. Pesa za giaboksi zitatoka kwenye pesa za jiko kubwa la kuokea, lile alilokuwa analiwekea akiba tangu mtoto wa mwisho alipoanza shule. Sasa atafanya kazi ya jiko kubwa kwa jiko dogo. Ataoka ghorofa moja moja, anasubiri ipoe, anaoka nyingine. Na mpaka giaboksi ifike, atapelekwa na kaka yake.

Funguo za gari anazo yeye. Alizichukua mezani mbele yangu, akaziweka kwenye mfuko wa aproni.

Nimeona haya. Nimeona haya mpaka nimeosha vyombo, na sufuria zote tatu. Alipopita nyuma yangu nilimwambia jiko litapatikana tu. Akasema anajua. Akasema litapatikana mimi nikikaa mbali nalo.

Lakini nimefikiri wakati nasuuza. Nimefikiri kwa haki, bila upendeleo. Wazo lenyewe lilikuwa na kosa gani? Nilitaka kiharibike ndani ya muda, na kimeharibika ndani ya muda! Tarehe kumi na tatu si ndani ya muda? Kilichoniangusha ni kilomita. Toa kilomita, mimi leo ni shujaa. Mtu mwingine angekata tamaa hapa. Mimi ng'o!

Jumatatu, 17 Juni

Mke wangu ametoka na Bwana Kinga kwenda kutia saini ukumbini. Bosi nimemwambia mgonjwa amezidiwa, na hilo si uongo. Niko peke yangu jikoni.

Friji la krimu lina waranti mpaka mwisho wa mwezi huu. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema, kwa mdomo wake. Limeanza kuzeeka, mpira wa mlango umelegea, na mke wangu na hiyo kazi ya kila wiki anahitaji friji la kutegemewa. Likifa sasa, atapewa jipya bure. Hilo litakuwa zawadi yangu kwake, na tutakuwa tumelipana.

Safari hii si mjinga. Nimetafuta karatasi ya waranti, nimeisoma yote, mpaka yale maandishi ya siafu kule chini. Nimeisoma mara mbili. Hakuna mahali popote walipotaja kilomita.

Nimeanza na mlango. Fungua, funga. Fungua, funga. Linanguruma kwa kiburi, na krimu ya Jumamosi iko ndani inanitazama. Endelea tu kunguruma, rafiki yangu. Nina wiki mbili, na mkono wangu wa kulia bado una nguvu.